Shahidi wa Kona ya Mwisho

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mwangalizi wa mbio za farasi hapa Maskati, huuliza swali moja: kuna nini cha kuangalia, na huku kamari ni haramu? Niliwahi kuliuliza mwenyewe. Mimi huuliza kila kitu. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, kama mnunuzi aliyekuja kurudisha kitu dukani.

Jibu nililipata msimu wa kwanza. Kamari ikiondoka, linalobaki ni jina. Farasi aliyeshinda hutafutwa na kila mwenye farasi jike, na mmiliki wake akiingia mahali watu humpisha. Kwa ajili ya jina nimeona watu wazima wakifanya mambo ambayo kwa ajili ya pesa wangeona haya.

Siku za kazi nilikuwa ofisini Qurum, nikisoma madai ya bima za magari na kutomwamini mtu. Ijumaa za majira ya baridi nilikwenda uwanjani. Kituo changu kilikuwa mnara mfupi wa chuma kwenye kona ya mwisho. Nilikuwa na darubini na redio ya mkononi, na kazi yangu ilikuwa kutazama yanayotokea kati ya farasi na farasi: nani kamkatia njia mwenziwe, nani kampiga kiboko farasi asiye wake. Kuhukumu halikuwa jukumu langu. Waamuzi walikaa jukwaani, mbali, wazee watatu wenye picha za kamera mbele yao. Mimi nilikuwa jicho tu.

Ijumaa ninayoikumbuka jua lilikuwa limeshuka na vumbi limesimama hewani, halipandi wala halitui. Farasi wakija kwa pamoja, mnara hutetemeka kabla hujawaona vizuri, na mara zote mtetemo ule ulinitia hofu miguuni, hofu ya kawaida, ya mnyama mdogo kwa mnyama mkubwa. Farasi wa kijivu alikuwa mbele. Nyuma yake, upande wa ndani, kati ya yule wa kijivu na uzio, alikuja farasi mwekundu akitafuta upenyo, na upenyo ulikuwepo. Mpandaji wa yule wa kijivu akainamisha kichwa, akachungulia nyuma chini ya kwapa lake. Kisha mkono wake wa ndani ukavuta hatamu.

Farasi wa kijivu akasogea ndani. Yule mwekundu akakosa pa kukanyaga. Miguu yake ya mbele ikagusa kwato za mwenziwe, akaenda chini kwa kifua, na mpandaji wake akaruka juu ya uzio kama nguo iliyopeperushwa kambani.

Nilitoa taarifa kwenye redio, nikashuka mbio. Mpandaji alikuwa Mkenya, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyejifunzia kazi Nairobi. Tulijuana kwa salamu. Kila akinisikia alinicheka: "Dada, wewe unaongea kama redio ya zamani. Nyanya yangu angekuelewa." Sasa alilala ubavu, mchanga mdomoni.

"Usiniguse," akasema. "Huu mguu siusikii."

"Gari la wagonjwa linakuja."

"Ulimwona?"

"Nimemwona."

"Alinicheki, halafu akanifungia. Si ulimwona akinicheki?"

"Nimekwambia nimemwona."

"Utasema? Kwa sababu hao watasema ni mimi nililazimisha kupita pahali hakuna nafasi. Watanirudisha nyumbani na huu mguu, na leseni wachukue."

"Ntasema," nikamwambia.

Ilikuwa rahisi. Nilikuwa nimepiga magoti mchangani, na hakuna aliyekuwa akinisikia isipokuwa yeye.

Jioni ile mwenyekiti wa waamuzi akanipigia simu. Kamera ya kona, akasema, ilitazama jua; vumbi likafanya mengine. Kwenye picha farasi wawili wanakuwa kivuli kimoja, kisha kivuli kinagawanyika na mmoja yuko chini. Mpandaji wa kijivu ameeleza kwamba yule Mkenya alijipenyeza pasipo nafasi. Ushindi umezuiwa mpaka Jumapili, waamuzi watakapokaa kusikiliza. "Binti yangu," akasema kwa upole, "wewe ndiye jicho pekee tulilo nalo."

Nilikata simu nikabaki nimeishika. Farasi wa kijivu nilikuwa nikijua ni wa nani. Hilo sikulifikiria nilipokuwa mchangani.

Wazee wangu wamezaliwa Unguja. Baba alipokuja Oman akiwa kijana, alikuja na jina la kabila na Kiarabu cha msikitini, basi. Kila aliyerudi kutoka kule alihitaji mtu wa kusimama mbele ya wakubwa na kusema: hawa ni wetu, babu yao aliondoka kijiji fulani. Aliyesimama kwa ajili yetu alikuwa sheikh mmoja wa bara la Oman, ambaye hakuwahi kumwona baba wala babu kabla ya siku ile. Alisema "hawa ni wetu", na tukawa wao. Uraia, kazi ya baba wizarani, kiwanja cha nyumba yetu ya Hail, na mimi kusoma chuo kikuu, yote yamesimama juu ya maneno yale. Sheikh yule amekwishafariki. Mwenye farasi wa kijivu ni mwanawe.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri, mama alichungulia dirishani akasema, "Kuna gari mbili nyeupe nje. Hawashuki."

Walishuka baadaye, wanaume wanne, vilemba vimefungwa vizuri, kanzu nyeupe hazina hata mkunjo. Baba akawapokea kwa furaha ya kweli. Hakujua lolote, sikuwa nimewaambia zaidi ya kwamba farasi ameanguka na mtu kaumia. Mimi na mama tulikaa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo, tukiona nusu ya sebule ya wageni: goti la baba, sinia la tende, na mwana wa sheikh mzima mzima, ndevu zake na fimbo yake.

Salamu zilikwenda kwa urefu wake. Hali, watoto, mvua, jamaa. Baba akamimina kahawa mwenyewe. Wale watatu wakapokea vikombe wakavishika tu, wakimtazama mkubwa wao. Mwana wa sheikh akapokea chake, akakiweka chini mbele ya goti lake, na hakukigusa tena.

"Imepoa?" baba akauliza kwa Kiarabu chake. Akamwaga, akamimina nyingine.

Mgeni akaiweka chini vilevile.

"Labda kali," mama akaninong'oneza. "Nilimwambia asizidishe iliki."

"Iliki haifanyi kali, mama."

"Nyamaza wewe. Hii kahawa kapika baba yako."

Nilitaka kucheka, ila kulikuwa na kitu kwenye kimya cha wale wanaume kilichonizuia. Baba alianza kutahayari. Mgeni asiyekunywa kwetu ni aibu ya mwenye nyumba. Kwa Unguja yote tuliyobeba, hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Akabadilisha kikombe mara nyingine. Akaleta halua. Mwishowe akaweka mkono kifuani na kusema maneno ambayo nimemsikia akiwaambia mafundi wa maji, wachumba wa binamu zangu na watu waliopotea njia: "Kunywa sheikh wangu. Hapa ni kwako. Lolote unalolitaka kwetu, limekwisha kuwa."

Mwana wa sheikh akakiokota kikombe akakinywa kwa funda moja. Wale watatu wakanywa pamoja naye.

"Mungu akuzidishie heshima," mmoja wao akamwambia baba. "Umetukidhia haja."

"Haja gani?" baba akauliza, bado anatabasamu.

Wakamweleza kwa adabu, kama anavyoelezwa mtu anayejifanya hajui ili asionekane mkarimu mno. Bintiye yuko kwenye jambo la farasi. Vumbi lilikuwa jingi, hata kamera haikuona. Hawamtaki aseme uongo, hasha. Ni aseme tu kwamba hakuona sawasawa. Yule mgeni wa Kenya watamsaidia wao wenyewe, kwa njia zao. Kisha wakaaga, kwa dua nyingi, na mwana wa sheikh alimbusu baba begani.

Jambo hilo linajulikana na kila mtoto wa bara la Oman, na nadhani hata mimi niliwahi kulisikia chuoni bila kulitilia maanani: mgeni mwenye haja nzito huweka kikombe chini, hanywi, na mwenyeji akisema kunywa, haja yako imekwisha, basi ametoa neno na hawezi kulirudisha. Baba alikuwa ameishi Maskati miaka mingi kuliko aliyoishi Unguja, na hakulijua. Angelijulia wapi? Hakuna mtu aliyewahi kuja kwetu na haja. Sisi ndio tuliokuwa tukienda kwa watu.

Alikuja chumbani akiwa bado ameshika dele la kahawa. Uso wake sijauona vile tena, na sitaki kuuona.

"Kumbe nini kilitokea huko uwanjani?" akauliza.

Nikamwambia yote. Kwapa, mkono, hatamu, mguu wa Mkenya, na ahadi yangu.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Kwani lazima useme uliona? Sema vumbi lilikuwa jingi. Si lilikuwepo? Si uongo huo."

"Mama, nimeona."

"Ulikuwa mbali."

"Nilikuwa na darubini."

"Darubini nayo ina vumbi. Mwanangu, nnaogopa. Hawa si watu wa kutupiga. Afadhali wangekuwa watu wa kutupiga. Hawa watatusalimia tu, mpaka tufe, na hakuna mlango utakaofunguka."

Baba akakaa kitandani mwa mama, dele mapajani. "Mimi neno nimeshalitoa," akasema.

"Hukujua, baba."

"Kutojua kwangu ni kwangu. Yeye kalipokea."

Hakuniambia nifanye nini. Baada ya magharibi alikwenda msikitini akakawia kurudi, na mama akazunguka nyumbani akifunga madirisha ambayo yalikuwa yamefungwa.

Niliingia chumbani kwangu na hapo ndipo hofu iliponifikia sawasawa. Nilijaribu kuihoji, kama ninavyohoji kila kitu. Unaogopa nini hasa? Hakuna aliyekutisha. Hakuna aliyeinua sauti. Wamekunywa kahawa, wamekuombea dua. Nikaona kwamba kila nikilijibu swali hofu inaongezeka, kwa sababu haikuwa na uso. Gari likipita taratibu nje, nilisimama. Simu ikilia na kunyamaza, niliigeuza kifudifudi. Niliogopa kwa ajili ya baba, kuonekana mtu asiye na neno katika nchi aliyoingia kwa neno la mtu. Na niliogopa kwa ajili yangu, kwamba nitasema ukweli na kisha nitaishi Hail kama mtu aliyehamishiwa sayari nyingine.

Ndipo shaka ikaja, na ikaja imevaa nguo zangu mwenyewe. Je, kweli niliona mkono ukivuta? Au niliona farasi akisogea, halafu akili ikaniwekea mkono pale kwa kuwa inapenda sababu? Chuoni tulifundishwa kwamba shahidi hukosea, kwamba kumbukumbu hushona viraka. Nimewahi kubishana na watu wazima juu ya jambo hilo, nikawashinda. Nilifumba macho nikairudisha picha, na kila nilipoirudisha ilikuwa na vumbi zaidi. Kwapa likafifia. Mkono ukawa labda. Nilianza kuona ahueni. Sitalazimika kudanganya, nitasema tu, kwa uaminifu wa msomi, kwamba sina hakika.

Nilikaribia kulala na ahueni ile. Kilichoniamsha ni hesabu ndogo: Ijumaa mchangani sikuwa na shaka. Ijumaa jioni kwenye simu sikuwa na shaka. Shaka yangu ilishuka kutoka kwenye gari mbili, Jumamosi baada ya alasiri. Yule sheikh wa zamani alishuhudia kitu ambacho hakukiona, na tukapata nchi. Mimi nilikuwa natakiwa nisishuhudie kitu nilichokiona, ili tusiipoteze. Sikuona wapi haki ilikuwa katika lolote kati ya hayo mawili, na sijaona mpaka leo. Nilijua tu kilichotokea konani.

Asubuhi nilimkuta baba mlangoni, amevaa kanzu mpya na kilemba, funguo mkononi.

"Ntakupeleka," akasema.

"Nna gari, baba."

"Ntakupeleka mimi."

Sikuthubutu kumuuliza ananipeleka ili niseme au ananipeleka ili nisiseme. Alishika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayejifunza.

Chumba cha waamuzi kilikuwa kidogo na baridi ya kiyoyozi ilikuwa kali. Wazee watatu nyuma ya meza. Mpandaji wa kijivu alikaa upande mmoja, mwembamba, akitazama viatu vyake. Nilishangaa kwamba naye alikuwa anaogopa. Mwana wa sheikh alikaa nyuma yake. Baba alipewa kiti karibu na mlango, na mwana wa sheikh alimwinamia kichwa kwa heshima, mbele ya wote.

Walionesha picha ya kamera. Kivuli kimoja, vivuli viwili, vumbi. Mwenyekiti akanigeukia.

"Eleza ulichokiona."

Nikasema kwamba kati ya farasi wa kijivu na uzio kulikuwa na nafasi ya farasi mmoja. Nikasema mpandaji aliinamisha kichwa akatazama nyuma, chini ya kwapa. Kisha mkono wake wa ndani ukavuta hatamu, na farasi akasogea ndani.

"Huenda farasi alijikwaa, akawa anamweka sawa?" mwamuzi wa pili akauliza. Lilikuwa swali la haki. Lilikuwa pia mlango, na alikuwa ameufungua wazi kabisa.

"Kwa nini alivuta, sijui," nikasema. "Sikuwa moyoni mwake. Kwamba alitazama kwanza, na kwamba alivuta baadaye, hayo niliyaona."

"Una hakika?"

Sikumbuki kama kuna siku nimewahi kuwa na hakika ya kitu. Nikasema ndiyo.

Mpandaji wa kijivu aliinua uso akanitazama, kisha, bila kuulizwa, akasema polepole, "Nilidhani atarudi nyuma. Wote hurudi nyuma."

Mwana wa sheikh hakumtazama. Alikuwa anamtazama baba.

Uamuzi haukuchukua muda. Farasi wa kijivu alinyang'anywa nafasi ya kwanza, mpandaji akafungiwa mpaka mwisho wa msimu, na Mkenya akasafishwa lawama. Tulitoka nje kwenye jua. Nilikuwa nimeushika mkono wa baba kwenye kiwiko.

Tulikuwa karibu na gari fimbo ilipogonga lami nyuma yetu. Mwana wa sheikh alikuwa peke yake. Akamsalimia baba salamu yote, hatua kwa hatua: hali, nyumba, watoto. Baba akajibu yote. Kisha mgeni wetu wa jana akasema, bila hasira, "Ndugu yangu, ulinipa neno."

Baba alifungua mdomo, na Kiarabu kikamkimbia. Nilimwona akikitafuta.

"Nilikupa langu," baba akasema hatimaye, kwa matamshi yake ya Unguja ambayo watu wameyacheka maisha yake yote. "Hili lilikuwa la binti yangu. Sikuwa nalo la kukupa. Nisamehe, nilikukirimu kitu cha mtu."

Mwana wa sheikh akasema neno moja tu, "Kheri", akageuka, fimbo ikigonga, mpaka garini kwake.

"Kheri maana yake nini hapo?" nikamuuliza baba tulipokuwa tumeondoka.

"Sijui," akasema. "Watu hawa kheri wanaisemea kila kitu."

Simu yangu ililia tukiwa barabara kuu. Alikuwa Mkenya, kutoka kitandani hospitalini. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu sisi kufika nyumbani.

"Kwa hivyo ulisema."

"Nilisema. Mguu?"

"Wameweka vyuma. Daktari anasema nitatembea, kupanda farasi hajui." Nilisikia kitoroli cha dawa kikipita upande wake. "Sasa hao watakufanya nini, dada?"

"Hawatafanya kitu."

"Hata mimi meneja wa zizi amenipigia. Ameniambia pole, nipone pole pole, nisiwe na haraka ya kurudi. Unaelewa hiyo ni nini?"

"Naelewa."

"Basi tuko wawili," akasema, akajaribu kucheka, ubavu ukamzuia.

Baba alikuwa amesikia yote. Alikuwa anaendesha taratibu mno, magari yakitupita kwa honi, na kila baada ya muda alitupa jicho kwenye kioo cha nyuma. Nami nikageuka kutazama. Kulikuwa na gari jeupe, na nyuma yake jeupe lingine. Maskati nzima ina magari meupe.

Tulipita njia ya kuingilia Hail. Baba hakuiona, au aliiona. Tukaendelea hivyo mpaka kuvuka mizunguko ya barabara pale Ansab, na sikumwambia arudi, kwa sababu na mimi sikuwa tayari kufika nyumbani na kumwona mama akituuliza kwa macho yuko nani nje.